Kwenu mnaoanza kazi: malipo yenu yana sura gani?

Nilianza kazi nikiandika programu. Ukikosea, kompyuta inakwambia papo hapo; ukirekebisha, inakubali. Furaha yenyewe haidumu, lakini unaionja mara kadhaa kwa siku. Nikadhani kazi zote ziko hivyo.

Baada ya miaka minne nikahamishiwa kwenye utunzaji wa seva, yaani kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine, na miezi sita ya kwanza nilijiona mzigo. Sikumaliza kitu, sikupongezwa na mtu. Mkuu wangu akiuliza wiki imekwendaje, nilijibu "salama", na neno hilo likanichoma kama vile nimekiri uvivu. Kumbe nilikuwa nasubiri malipo ya kazi niliyoiacha.

Mshahara siuhesabu hapa. Huo ni haki yako, na anayetaka kukulipa kwa sifa badala ya mshahara, mkimbie. Nasema kile kinachomfanya mtu aseme moyoni, "leo nimefanya kazi." Kila fani ina chake. Mhasibu anakipata pande mbili za hesabu zinapolingana bila kulazimishwa. Muuguzi mmoja wa wagonjwa wasiotarajiwa kupona aliniambia kwamba yeye huhesabu usiku ambao mgonjwa amelala bila maumivu, basi. Angehesabu waliopona, angeacha kazi zamani.

Ugumu uko kwenye kazi za kinga, kwa sababu malipo yake ni kitu kutotokea. Tazameni ndui. Mgonjwa wa mwisho kuambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Somalia mwaka 1977, lakini hakuna aliyeshangilia siku hiyo. Watu waliendelea kuzunguka wakitafuta mgonjwa mwingine, na kila waliporudi mikono mitupu ndipo kazi yao ilipokuwa imefaulu. Shirika la Afya Duniani lilitangaza kutokomezwa kwake mwaka 1980. Hebu fikiria ripoti ya mwezi: tumetafuta, hatukuona. Kwa mgeni hiyo ni ripoti tupu.

Wenzetu waliorekebisha tarehe kwenye kompyuta kabla ya mwaka 2000, ili zisiuchanganye na 1900, hata hiyo heshima hawakuipata. Mwaka ukaingia kwa utulivu, na watu wakaanza kuuliza kwa nini fedha nyingi zilitumika ilhali hakukuwa na tatizo. Mkichagua kazi ya namna hii, zoeeni swali hilo mapema.

Kuna pia suala la muda. Mwanafizikia Peter Higgs aliandika mwaka 1964 nadharia iliyotabiri chembe ndogo sana ambayo hakuna aliyekuwa ameiona. Chembe yenyewe ikagunduliwa 2012, miaka 48 baadaye. Huwezi kuishi kwa kusubiri kitu kama hicho. Watafiti ninaowafahamu hujitafutia malipo madogo ya njiani: jaribio lililokataa wazo lao kwa uwazi, kwa mfano, nao hulifurahia kwa dhati. Walimu nao hivyo hivyo. Rafiki yangu mwalimu hangoji mwanafunzi awe daktari. Anangoja swali ambalo yeye mwenyewe hakulifundisha.

Jihadharini na malipo ya kuazima. Nikiwa kwenye seva nilianza kubuni mabadiliko yasiyohitajika ili nipate cha kuonyesha, na mara mbili nikauangusha mfumo uliokuwa mzima. Hilo ni kosa la mgeni asiyejua kinachohesabiwa mahali alipo.

Kwa hiyo wiki ya kwanza, pamoja na kuulizia nywila na zamu, mtafuteni mkongwe mmoja mumwulize: siku gani ulirudi nyumbani umeridhika? Mimi nilichelewa kuuliza. Mzee niliyeshirikiana naye zamu za usiku alifungua daftari lake, lililojaa alama za vema: kila nakala ya akiba aliyojaribu kuirejesha ikafunguka. Akaweka kidole kwenye Jumanne moja. "Siku hii diski mbili zilikufa mchana kweupe," akasema, "na hakuna aliyepiga simu."