Belinda Carlisle hakuanzia kwenye pop
Hapa barazani mnabisha kwamba Belinda Carlisle, yule mwimbaji wa Marekani, ni mtu wa pop tangu mwanzo. La, alianzia kwenye panki, yaani punk, ule muziki wa roki wa kasi na makelele. Kabla ya huo wimbo mnaobishania, "Heaven Is a Place on Earth" wa 1987, alikuwa mwimbaji wa The Go-Go's, bendi ya wanawake pekee iliyoundwa 1978 katika kumbi za panki za Los Angeles. Bendi ilivunjika 1985, mwaka uliofuata akatoa albamu yake mwenyewe. Mimi nilikuwa nikiuza kanda za muziki Mwembe Tayari, Mombasa, zamani hizo, na wateja wakikosekana kazi ni kusoma majalada tu. Ila katika albamu ya kwanza ya The Go-Go's, ya 1981, panki ilishalainishwa sana ikakaribia pop, kwa hiyo wabishi wa barazani wana haki yao kidogo.