Mlango wa jikoni ulipigwa teke: usianzie kwenye kitasa

Dada wa Uyole, umeuliza kama kitasa kipya kinatosha baada ya mlango wa jikoni kupigwa teke ukafunguka. Hakitoshi. Tazama palipopasuka: mara nyingi kitasa chenyewe ni kizima, kilichovunjika ni fremu, hasa ikiwa ya mpaini, maana kile kibati kinachopokea ulimi wa kitasa kimeshikwa na skrubu mbili fupi tu. Weka kibati kirefu cha chuma, na skrubu za inchi 4 zipite fremu hadi kwenye tofali. Fundi atoboe kwanza na kutia plastiki za ukutani. Bawaba ziwe 3, nazo kwa skrubu ndefu. Kama mlango unafungukia nje, pini za bawaba ziko upande wa mwizi, basi zichomelewe.

Ndani ongeza makomeo 2, juu na chini.

Mvua zikianza Novemba, mbao huvimba, ulimi hauingii wote, na watu huishia kuurudishia mlango tu. Upigwe randa ubaki na nafasi ya milimita 3 kila upande.

Grili ni nzuri, ila ufunguo wake ukae ndani karibu. Moto ukiwaka usiku mtatokea hapo hapo.