Kuinua tangi la pikipiki: hilo uliloliosha bado lina petroli

SWALI: Shikamoo fundi. Ninaitengeneza upya Honda CG125 ya zamani, nimeiwekea kiti kifupi na usukani wa chini. Ili mstari wa tangi ulingane na kiti, nimeliinua kwa nyuma sentimita 4, kwa sasa nimeshikilia na kipande cha mbao. Tatizo ni kwamba nikishuka kutoka Marangu kuja Himo, mafuta yakiwa yamebaki kama robo, injini inazima. Fundi wa kuchomelea hapa Pasua anasema nibadili jeti ya kabureta (kile kitundu kinachopima petroli), halafu nimpelekee tangi alikate chini na kulichomelea miguu mipya. Nimeshaliosha kwa sabuni ya unga mara tatu, nimelianika juani, halinuki kabisa. Niendelee? – Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Usiendelee. Na tangi usilipeleke popote kabla hujamaliza kusoma.

Jeti iache ilivyo. Kabureta haina kosa, ina njaa tu. Koki ya tangi hilo, yaani pale petroli inapotokea kwenda kwenye kabureta, iko nyuma, na nyuma ndiko ulikoinua. Tangi la urefu wa kama sentimita 40 likiinuliwa nyuma sentimita 4 limeshapata mteremko wa asilimia 10 hata pikipiki ikiwa imesimama sakafuni. Jumlisha mteremko wenyewe wa Marangu, jumlisha na breki zinazosukuma petroli mbele, utaona kwa nini robo yote inakimbilia puani na koki inabaki kavu. Kuhamia rizevu, yale mafuta ya akiba, hakutakuokoa sana, maana rizevu nayo inachota palepale nyuma.

Ukitaka tangi liwe juu, liinue lote, mbele na nyuma kwa kipimo kimoja. Kama sura ya pikipiki inadai nyuma ipande zaidi, isizidi sentimita 1 au 2, na ukubali kujaza mafuta mapema kuliko ulivyozoea. Yupo atakayekutisha kwamba tangi likipanda petroli itaingia kwa nguvu na kufurisha kabureta. Msukumo wa sentimita 4 za petroli haufiki hata sehemu moja ya mia ya upepo ulio kwenye tairi lako. Ikifurika, ujue sindano ya kabureta, ile inayofunga petroli isiendelee kuingia, ilikuwa imekwisha tangu zamani.

Kazi yote hiyo ifanyike kwenye fremu. Nyuma, tengeneza kibebeo cha chuma bapa ukifunge kwa bolti. Mbele, ambako tangi linakaa kwenye mipira miwili, vishikio vipya vichomelewe kwenye fremu wakati tangi liko mbali kabisa, ikiwezekana chumba kingine. Mipira irudi mahali pake, kwa sababu bati likigusa chuma moja kwa moja, mtikisiko wa injini ya silinda moja utalipasua. Geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili kuona kama unagonga tangi, na hakikisha mpira wa mafuta unashuka wote, haupandi popote kabla ya kufika kwenye kabureta. Tangi lenyewe halihitaji kuguswa na moto hata mara moja.

Sasa hiyo sabuni. Hapa Arusha, kuanzia Unga Limited hadi Sakina, kila kijana anayeniletea tangi ananiambia maneno yale yale: nimeliosha, limekauka, halinuki. Nani aliwafundisha kwamba pua ni kipimo?

Petroli inatoa mvuke hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo hakuna siku ya Moshi wala Arusha ambayo haitoi. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi ukatoka kwa mdomo wa tangi kwa sababu umelianika, unalala chini. Petroli yenyewe imejificha ndani ya mikunjo ya maungio, chini ya kutu, na katika ule utando wa rangi ya kahawia unaoganda kwenye tangi la zamani. Sabuni na maji baridi havifiki huko. Kinachofika ni joto la kuchomelea. Fundi anapowasha moto ndipo petroli iliyojificha inapotoka, wakati cheche ziko tayari zinasubiri.

Na haihitajiki nyingi. Mvuke wa petroli unalipuka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa. Katika tangi la lita 10, nusu kijiko cha chai cha petroli ikigeuka mvuke inatosha kabisa. Ndiyo maana tangi tupu ni bomu kuliko lenye mafuta: la mafuta mara nyingi mvuke wake umezidi kiwango hicho, la kuoshwaoshwa limeuteremsha mpaka ndani ya kiwango hicho cha kulipuka. Kila mara ulipoliosha nusunusu ulikuwa unalisogeza karibu na mlipuko, huku ukijiona unafanya usalama.

Wengine, ili kuifukuza hewa, wanaunganisha mpira kwenye ekzosi ya gari na kujaza moshi ndani ya tangi. Wakikuta Fuso limesimama karibu, wanatumia hilo. Injini ya dizeli ikinguruma bila mzigo inatoa moshi uliojaa oksijeni, na oksijeni ndiyo uliyotaka kuifukuza.

Tangi likitoboka kweli na halina budi kuchomelewa, fundi anayejua kazi anatoa koki, kifuniko na geji, analiosha kwa maji ya moto sana na sabuni kali kwa muda mrefu, kisha analijaza maji mpaka karibu kabisa na pale anapochomelea. Au anapitisha kaboni dioksidi au argoni kutoka kwenye mtungi, na gesi inaendelea kupita mpaka amalize, matundu yakiwa wazi. Baadaye anapima uvujaji kwa upepo mdogo sana na povu la sabuni. Kompresa ya tairi italivimbisha bati hilo jembamba. Kazi hii inachukua nusu siku na ina bei yake. Anayekuambia dakika kumi, elfu chache, anakuuzia kitu kingine.

Sizungumzi na wenye pikipiki peke yao. Matangi ya jenereta yanachomelewa hivyo hivyo. Mapipa ya lita 200 yanakatwa kila siku kutengenezwa majiko, na nasikia watu wazima wakisema pipa la dizeli halina shida kwa sababu dizeli haishiki moto kirahisi. Haishiki ikiwa baridi. Pasha bati kwa grinda au gesi, mabaki yaliyo upande wa pili yanageuka mvuke, na mfuniko wa pipa unaondoka kwa kasi ambayo hakuna mtu wa kuukwepa. Mara nyingi aliyesimama mbele yake ni mwanagenzi wa miaka kumi na kitu, aliyeambiwa ashikilie tu. Wenye gereji, huyo mtoto kazi yake isiwe hiyo, na pipa ambalo hamjui lilibeba nini msilikate.

Wewe uliyeuliza, kachukue vipimo vya fremu yako wiki hii. Ile mbao itoe leo.