Kabichi: nimeipika, nimeivaa, kaka yangu kainywa

Huu ni mwaka wa kumi na moja nauza chakula Chikongola, hapa Mtwara mjini, na siku ambazo sijapika kabichi zinahesabika. Mteja akikaa tu kwenye benchi anauliza, "Dada, mboga ipo?" Anaulizia ile ya pembeni ya sahani, inayosindikiza wali maharage au ugali samaki. Hakuna anayekuja kibandani kwa ajili yake, lakini siku ikikosekana utasikia manung'uniko utadhani umempunja mtu nyama.

Wiki iliyopita jirani aliyejifungua karibuni alinitumia mtoto na shilingi mia mbili mkononi. "Shikamoo. Mama kasema umpe majani mawili ya kabichi, yale ya juu." Nikajua papo hapo si ya kupika. Yale ya juu nikayatupa, kwa sababu ndiyo yaliyokula dawa za wadudu huko shambani, nikambandulia ya ndani. Jioni nilipofunga nikamfuata mzazi mwenyewe. Niliyomweleza siku ile ndiyo ninayoyaandika hapa, na ya kaka yangu nimeyaongeza kwa sababu yananisumbua bado.

Mwanangu wa kwanza nilimzaa 2012. Siku ya tatu maziwa yakaingia yote kwa pamoja, matiti yakajaa mpaka ngozi ikang'aa. Mtoto akija kunyonya anateleza, chuchu imelala bapa kama kifungo cha shati, naye analia na mimi nalia. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, akaja na kitana na mafuta ya nazi. Kwao ziwa lililojaa linachanwa kuelekea chini mpaka mafundo yafunguke. Basi nikachanwa. Nasema kweli, leba sikulia vile. Shangazi wa mume wangu yeye akasema ni kijicho, kuna mtu kanitazama vibaya nikiwa nanyonyesha barazani.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa Tanga aliyepanga chumba cha uani. Alichungulia mlangoni, akasema, "Jamani, acheni hicho kitana. Tafuteni kabichi."

Friji hatukuwa nayo. Akabandua majani mawili, akayaosha, akayatumbukiza kwenye mtungi wa maji ya kunywa (mama mkwe akanuna, mtungi ulikuwa wake), yakakaa humo muda wa kuchemsha chai. Kisha akalaza jani juu ya kibao cha chapati, akauchonga ule mshipa mnene wa katikati, akalipitishia chupa mara mbili tatu mpaka likalainika na kutoa maji kidogo. Likakaa kwenye ziwa kama kikombe, chuchu ikiwa nje. Akanifunga kanga juu yake. Ubaridi ule siwezi kuusahau. Baada ya kama dakika ishirini jani lilikuwa limenyauka, la vuguvugu, linanukia mboga iliyolala. Kifua changu kilikuwa kimelipika. Akalitoa, akaniambia nikamue kidogo kwa mkono ili chuchu ilainike, ndipo mtoto akashika. Akanyonya mpaka akasinzia.

Kwa miaka niliamini kabichi ina dawa ndani yake. Nilipozaa wa pili nikamuuliza muuguzi wa kliniki, mama mtu mzima asiye na haraka. Akanijibu kwamba kuna watafiti waliolinganisha majani ya kabichi na pakiti za baridi, wakakuta wanawake wanapata nafuu inayokaribiana. Maana yake ukikosa kabichi, kitambaa kilicholowekwa kwenye maji baridi kitakufaa. Jani limemzidi kitambaa kwa jambo moja: limejipinda lenyewe kwa umbo la ziwa na halichuruziki maji mpaka tumboni.

Nikamwambia jirani yangu hivi: dawa ya ziwa lililojaa ni mtoto mwenyewe. Mnyonyeshe mara nane mpaka kumi na mbili kwa usiku na mchana, hata akisinzia muamshe. Jani ni la kati ya kunyonya na kunyonya, kupunguza uvimbe na maumivu. Lioshe vizuri, usiliweke pale ngozi ilipochanika, na ziwa likilainika acha, maana wengi wanaamini linapunguza maziwa, na wapo wanaolitumia makusudi wakati wa kumwachisha mtoto. Ila ukiona sehemu ya ziwa imekuwa nyekundu na ya moto, ukapata homa na kutetemeka, hapo kabichi itupie mbuzi, uende hospitali siku hiyo hiyo. Na usiache kunyonyesha kwa sababu ya homa hiyo. Ukiacha, maziwa yanaganda na tatizo linakua.

Hayo ya kuivaa. Ya kuinywa yalikwenda vibaya.

Kaka yangu anapakua samaki Feri, kwenye soko la samaki. Mgongo wake umeshakwisha kwa ndoo na matenga. Kwa hiyo alikuwa na mazoea ya kununua vidonge vya diklofenaki duka la dawa, anavimeza alfajiri kwa kahawa chungu, tumbo tupu, anakwenda kazini. Tumbo likaanza kumuunguza. Kila mtu akawa daktari: vidonda vya tumbo hivyo. Kijiweni akaambiwa juisi ya kabichi mbichi, glasi asubuhi na glasi jioni, mwezi mmoja vidonda kwisha. Blenda ninayo mimi. Nikawa namsagia kila asubuhi kabla sijawasha mkaa, nachuja kwa kitambaa, anakunywa huku amekunja uso.

Siku za kwanza alisema amepata nafuu. Na ushauri ule haukuzuka kijiweni tu. Binti yangu alinitafutia baadaye: mwaka 1949 kulikuwa na daktari Marekani, San Francisco, jina lake Garnett Cheney, aliyewapa wagonjwa 13 juisi ya kabichi mbichi na kuandika kwamba vidonda vyao vilipona haraka. Kile alichodhani kinaponya akakiita vitamini U. Wagonjwa 13! Kibandani kwangu saa saba mchana wanakaa wengi kuliko hao. Isitoshe, wakati ule hakuna aliyejua kwamba vidonda vingi vinaletwa na bakteria. Hilo waligundua Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, miaka ya 1980, na wakapewa tuzo ya Nobeli 2005. Bakteria huyo, Helicobacter pylori, hafi kwa kabichi. Chanzo kingine kikubwa ni dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki, zile zile kaka alizokuwa anazibugia.

Wiki ya sita alianguka Feri, karibu na tenga la samaki. Kumbe siku tatu nzima alikuwa anapata choo cheusi, kinanata kama lami, naye kanyamaza kwa kuona aibu. Choo cha namna hiyo ni damu inayovuja juu huko tumboni. Aliongezewa chupa mbili za damu. Akapimwa, bakteria wakaonekana, akapewa dozi ya antibayotiki za wiki mbili pamoja na vidonge vya kupunguza asidi, na diklofenaki akakatazwa kabisa. Sasa ni mzima, anabeba mizigo midogo, na akiiona blenda yangu anageuza uso.

Juisi haikumtoboa tumbo. Ilichofanya ni kumpa matumaini ya wiki sita wakati alitakiwa awe amepimwa wiki ya kwanza, na aliyekuwa anaisaga ni mimi. Kama tumbo lako linauma usiku, au linaunguza ukiwa na njaa, nenda kapime. Ukitapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, au choo kikiwa cheusi hivyo, usisubiri kukuche. Unywe au usinywe kabichi baada ya hapo ni hiari yako, ila jiandae kwa gesi, kwa sababu kabichi mbichi inajaza tumbo hata kwa mtu asiye na ugonjwa wowote.

Nirudi jikoni, ambako mimi na kabichi hatujawahi kukosana.

Joto letu la pwani haliipendi. Vichwa hufunga vizuri kwenye baridi, ndiyo maana nyingi tunazokula huku zinatoka nyanda za juu, Njombe na Mbeya, na tangu barabara ya Tunduru iwekwe lami malori yanatufikia kupitia Songea na Masasi. Nyingine zinapitia Dar. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na mvua zikakata barabara kule Somanga, bei ya kabichi ilipanda zaidi ya mara mbili, nikawapikia wateja matembele na kisamvu wiki nzima. Wachache walilalamika. Wengi waliongeza sahani, jambo lililoniuma kidogo nikikumbuka jinsi ninavyohangaika na kabichi.

Sokoni ninyanyue mbili zenye ukubwa sawa, nachukua iliyo nzito. Naibonyeza; isibonyee. Nageuza nitazame kikonyo, kikiwa cheupe na kibichi imevunwa karibuni, kikiwa kimekauka na kupasuka imesafiri sana. Iliyokwisha katwakatwa na kupangwa mafungu siinunui, hujui ilikatwa saa ngapi na imepigwa vumbi kiasi gani. Nyumbani, kama huna friji, usiikate katikati. Bandua majani kutoka nje kadiri unavyohitaji, itakaa siku nne tano kivulini. Ukiikata, kesho yake sehemu iliyokatwa imekuwa nyeusi. Iloweke kwenye maji ya chumvi dakika kumi, viwavi vilivyojificha vitaelea vyenyewe.

Sasa ile harufu. Tuliosoma bweni tunaijua: sufuria kubwa, kabichi imewekwa saa mbili asubuhi, inaliwa saa saba, rangi ya maji ya kufulia. Harufu ile inatokana na salfa iliyomo kwenye kabichi, na kadiri unavyoichemsha ndivyo inavyozidi kutoka, huku vitamini C ikiishia kwenye maji na nyingine ikiharibiwa na moto. Mimi nakata nyembamba sana, karai liwe la moto kweli, kitunguu, karoti, hoho, kabichi, nageuza dakika nne tano bila kufunika. Chumvi mwisho, ukiitia mapema inatoa maji. Siku ya malipo ya korosho, watu wakiwa na hela, natwanga vipande vya korosho kwenye kinu, nakoroga na maji kidogo, namwagia dakika ya mwisho. Siku hiyo mboga ya pembeni inaombwa nyongeza.

Hata hivyo haina heshima. Mtaani mtoto wa tajiri tunamwita wa mboga saba, yaani kwao mezani zinapangwa mboga saba kwa mlo mmoja. Sijui saba hizo ni zipi, ila sijasikia mtu akiitaja kabichi katika hesabu hiyo. Enzi za pilika za gesi asilia hapa Mtwara alikuwepo mteja wangu Mfaransa, akila huku anaongea na mkewe kwenye simu, na kila dakika "mon chou", "mon chou". Mwenzake Mtanzania akanitafsiria: "Anamwita kabichi yangu." Kumbe kwao ni kama sisi tunavyosema mpenzi, kipenzi. Nikamwambia mume wangu ajaribu. Alikataa, anaogopa kulala nje.

Waingereza nao, kwa jinsi binti yangu alivyonisomea kwenye kamusi yake ya shule, neno lao la kabichi limetokana na neno la Kifaransa cha zamani lenye maana ya kichwa. Mtu mzito wa akili wanaweza kumwita kabichi. Huko Marekani kabichi iliwahi kuwa jina la mtaani la hela, noti zile za kijani. Halafu akasoma maana nyingine, na hapo nikamwambia apaze sauti, kwa sababu fundi cherehani amepakana na kibanda changu, ukuta wa mabati tu. Mafundi nguo wa Uingereza tangu zamani waliita kabichi vile vipande vya kitambaa wanavyobaki navyo baada ya kukata nguo ya mteja, wakajishonea au kuviuza.

Cherehani ikanyamaza.

"Fundi," nikamwita, "ile doti yangu ya kitenge cha bluu, kabichi yake ilikwenda wapi?"

Hakujibu. Jioni mtoto wake alipita mbele ya kibanda na gauni jipya, la bluu, akaniamkia vizuri kabisa. Nikamjazia bakuli la mboga ampelekee baba yake.