Mvua imeozesha dagaa, na kusali siwezi tena

SWALI: Shikamoo mama, Bwana Yesu asifiwe. Mi ni mama wa watoto watatu, nakaa huku Igombe, Mwanza, kazi yangu kuanika dagaa. Mwaka huu sijui hata nianzie wapi, mwezi wa pili majambazi waliwavamia ziwani usiku wakachukua injini, mume wangu na wenzake wakarudi kwa kupiga kasia mpaka asubuhi, namshukuru Mungu walirudi wazima. Nikakopa kwenye kikundi ninunue dagaa wabichi nianike mwenyewe, mvua za mwezi wa nne zikapiga siku tatu mfululizo, wakaoza, nikauza bei ya chakula cha kuku. Marejesho ni kila Jumatatu. Mama mmoja wa maombi kaniambia kuna dhambi nimeificha, nitoe sadaka maalum ndo mambo yafunguke. Saa hizi ni mbalamwezi, dagaa hawavuliwi, mitumbwi imelala, mawazo ndo yanazidi. Nikipiga magoti nalia tu au nanyamaza. Je Mungu kaniacha?

JIBU: Marahaba mwanangu, amina. Mi nimekulia Kayenze, kwahiyo uliposema siku tatu mfululizo nikaisikia na harufu kabisa, ile ya siku ya pili dagaa wamelowa mchangani wameshageuka rangi, ukiwashika wanavunjika mkononi, na wewe bado unawageuza geuza kana kwamba jua litatoka. Pole sana.

Nianze na huyo mama wa maombi maana amenikera. Mvua ile haikunyesha kwenye dagaa zako peke yake, ilinyesha mwalo mzima, ufukwe wote wa wavuvi, sasa ina maana wanawake wote wa Igombe mlificha dhambi moja wiki moja? Kwenye Yohana 9 wanafunzi waliuliza swali hilo hilo kuhusu yule kipofu, nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake, na Yesu akawaambia sio huyu wala wazazi wake. Kama kuna kitu unajua umekosea, tubu, kutubu ni bure. Ila hiyo hela ya sadaka maalum peleka kwenye marejesho, na mtu akikwambia Mungu amekasirika kwa hilo mwambie aniandikie mimi.

Sasa la kusali. Wewe unadhani kusali ni mpaka useme maneno mazuri ya shukrani kwanza, ndo maana unajiona umeshindwa. Fungua Marko 4. Wale kwenye chombo walikuwemo wavuvi kabisa, watu wa ziwa kama mumeo, sio watu wa kuogopa kiwimbi, na maji yalikuwa yanaingia ndani huku Yesu amelala nyuma juu ya mto wa kulalia. Sala yao ilikuwa hii: "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Hapo kuna shukrani gani? Ni lawama tupu, tena wamemwamsha nayo, na bado akaamka akaukemea upepo ndo akawauliza habari ya imani yao baadaye. Soma na Zaburi ya 88, ile inaanza kwa kilio na inaishia gizani, hutakuta haleluya mwishoni, lakini hakuna aliyeitoa kwenye Biblia. Kwahiyo mwambie Mungu hivyo hivyo ulivyoniandikia mimi, injini, mvua, Jumatatu, kila kitu, na siku ukishindwa kuongea ukalia tu basi Warumi 8 inasema Roho anatuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Hicho kilio chako kimeshahesabiwa kama sala.

Na kanisani uende hata kama huimbi. Meli ya MV Bukoba ilipozama Mei 1996, imebaki kidogo tu ifike Mwanza, mama yangu alimpoteza mdogo wake wa mwisho. Miezi mingi alikuwa anakaa benchi la nyuma, kitabu cha nyimbo kimefungwa mapajani, wenzake wanaimba yeye midomo haifunguki, na hakuna aliyemsemesha vibaya, mama mmoja alikuwa anakuja tu kukaa pembeni yake. Alikuja kuimba tena siku moja katikati ya wimbo, ubeti wa pili, hata sisi tulishtuka.

Mambo mengine ni ya duniani, nayo tuyaseme. Usisubiri Jumatatu ikukute, nenda kwa mwenyekiti wa kikundi mapema na mumeo, ombeni mpunguziwe kiasi muongezewe wiki, na usije ukaziba deni hilo kwa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, nakuomba kabisa. Wizi wa injini kama hamjauripoti polisi na BMU, kile kikundi cha usimamizi wa mwalo, fanyeni hivyo. Msimu ujao anzeni hata na kichanja kimoja cha nyavu cha kuanikia, mchanga ukilowa umelowa. Alafu ulale. Elia alipoomba afe, malaika hakumhubiria, alimletea mkate na maji akamwambia inuka ule, akala akalala tena. Na wewe umekula leo?

SWALI: Jirani yangu hapa Buhongwa kafiwa na mtoto. Ni mlokole mwenzangu, naogopa kwenda maana sijui nitamwambia neno gani la kumtia nguvu.

JIBU: Usimwambie. Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hapo walikuwa marafiki wazuri sana, walipofungua midomo ndo wakaharibu. Chukua ndoo ya maji na mkaa uende leo, osha vyombo, kaa. Ile "kazi ya Mungu haina makosa" mwachie mwenyewe aiseme siku atakayotaka.