Flashi ya steshenari na Qubes OS

Mkuu, umeuliza kama Qubes OS, mfumo endeshi unaogawa kompyuta katika vyumba vilivyotengana, inakulinda na virusi vya flashi: ndiyo, inakulinda, mradi sys-usb imewashwa. Hicho ni chumba cha pembeni ndani ya mashine kinachoshika milango ya USB peke yake. Flashi iliyotoka kuprintia CV steshenari ya Mwenge inasomwa humo humo. Dom0, sehemu inayotawala kompyuta nzima na isiyo na mtandao kabisa, haiigusi.

Ila kirusi kikiwa ndani ya PDF yenyewe, usiifungue hivi hivi. Bofya kulia, chagua kuigeuza iwe PDF ya kuaminika. Inafunguliwa kwenye chumba cha muda, kila ukurasa unageuzwa picha ya nukta za rangi, zinarudi picha tu, kisha chumba kinafutwa na kila kilichokuwamo. Mimi naitumia kila siku kazini kwa makabrasha ya zabuni, na ndiyo sababu kubwa ya kubaki na Qubes. Usishangae ukishindwa kutafuta neno kwenye nakala mpya: ni picha. Ya asili inahifadhiwa kwenye folda ya QubesUntrustedPDFs.

Angalizo: kama una desktop yenye kibodi ya USB, nayo hupita sys-usb, kwa hiyo chumba hicho kikivamiwa kinaweza kusoma unachoandika, nywila ikiwemo. Kwenye laptop nyingi kibodi ya ndani haipiti USB, hivyo hapo uko salama zaidi. Na RAM iwe GB 16, chini ya hapo utateseka.