Kisu cha bei kimeota kutu Chake Chake: nimeuziwa bandia?

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Nakusanya visu vya kukunja vilivyotengenezwa kwa mkono. Cha karibuni kimetoka kwa mtengenezaji wa Afrika Kusini: ubapa wa chuma cha mawimbi, mabati ya titani ndani ya mpini, na juu yake lulu ya chaza. Nimekilipia bei ya pikipiki, mke wangu asisikie. Sijakipeleka pwani hata siku moja. Kinakaa kabatini ndani ya ala yake ya ngozi, na chumba kina kiyoyozi. Idi iliyopita tu nilimenyea chungwa mbele ya wageni. Sasa kimeota vidoa vya kahawia karibu na shina la ubapa, na kifungio kinang'ang'ania mpaka nikisukume kwa nguvu. Je, ni bandia? Rafiki kaniambia nikisugue kwa msasa laini kisha nipake mafuta ya karafuu. Mwengine kasema nisugue kifungio kwa penseli. (Mpenda visu, Chake Chake)

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Kutu si ushahidi wa ubandia. Huo msasa uweke mbali kwanza, halafu tuzungumze.

Chuma cha mawimbi kiko cha namna mbili. Cha kwanza hufuliwa kwa vyuma viwili vya kawaida, tabaka juu ya tabaka, kisha ubapa hutiwa kwenye asidi ili mawimbi yatokeze: tabaka moja huliwa na kuwa jeusi, jengine hubaki jeupe. Hicho hushika kutu kama panga la shamba, kiwe na bei gani. Cha pili ni cha vyuma visivyoshika kutu upesi, kama kile cha Damasteel ya Sweden. Soma karatasi iliyokuja na kisu. Ikiwa haisemi, muulize mtengenezaji. Kwa vyovyote, mawimbi unayoyaona ni kazi ya asidi juu ya uso tu. Ukipitisha msasa yatafifia, na mkusanyaji mwenzako atalijua hilo kabla hujamtajia bei.

Tena haya maneno "hakishiki kutu" yanawapumbaza wengi. Kinachokinga ni kromi, metali inayochanganywa na chuma, lakini ile iliyo huru ndani yake. Chuma kiitwacho D2 kina kromi kiasi cha 12%, na huku kwetu kinaota kutu vilevile, kwa sababu kina kaboni nyingi, kama 1.5%, inayoikamata kromi na kuifungia kwenye chembe ngumu. MagnaCut, chuma alichokibuni Larrin Thomas wa Marekani na kikaingia sokoni 2021, ina kromi pungufu, 10.7%, lakini inastahamili chumvi vizuri zaidi kwa kuwa kromi yake haikufungwa hivyo. Kwa mtu wa visiwani, kisu cha kutumia ningechukua cha chuma cha MagnaCut, Vanax au LC200N. Cha mawimbi ni cha kutazama, na chungwa limenyewe kwa kisu cha jikoni.

Hilo chungwa ndilo ninaloanza kulishuku. Maji yake yana asidi na sukari, na ubapa ukikunjwa hushuka mpaka kwenye mhimili, ile pini ubapa unapozungukia, pale penye vipete vyembamba (washa), ambapo kitambaa hakifiki. Vidoa vyako viko hapohapo. Ala nayo imesaidia: ngozi hunyonya unyevu na kuushika, na dawa zilizotumika kuitengeneza hubakisha asidi na chumvi. Aliyewahi kuchomoa jambia la babu lililolala alani miaka anajua hali linavyotoka. Ala ni ya kubebea. Kiyoyozi nacho, umeme ukikatika, hewa ya joto huingia chumbani, na chuma kilichopoa hutoka jasho hadi sehemu usizoziona.

Kukisafisha, usitumie maji ya kisima cha karibu na pwani. Chukua maji ya chupa, au maji ya betri yaliyochujwa, lakini angalia sana chupa, kwani yale makali ni asidi. Tia tone la sabuni ya kuoshea vyombo, tumia mswaki laini, safisha shina na ndani ya mabati, usikiloweke kisu kizima. Suuza, kausha kwa kitambaa, kisha dondoshea spiriti kidogo penye mhimili ivukize maji yaliyobaki. Ndimu na siki usivitumie kabisa. Vitatoa kutu, ni kweli, lakini vitakula lulu, maana lulu ya chaza ni jamii moja na chokaa.

Baada ya hapo weka tone la mafuta ya cherehani juu ya kila kidoa, subiri nusu saa, kisha sugua polepole kwa kijiti cha kuchokolea meno. Pitisha ukucha. Ukiteleza, kutu ilikuwa ya juu na imeondoka. Ukikwama, chuma kimeshachimbika. Paache palivyo, kwani kishimo kimoja kidogo kina nafuu kuliko uso uliokwanguliwa.

Mafuta ya karafuu: najua Wawi iko jirani yako na chupa zinapatikana, na ni kweli Wajapani hutia karafuu katika mafuta ya kupangusia panga zao. Lakini huwa ni kidogo sana ndani ya mafuta mengine. Yakiwa matupu yanakolea rangi, yananata, na baadhi ya plastiki huyeyuka yakizigusa. Mafuta ya nazi ndiyo mabaya zaidi kwako: huganda kwenye nyuzi 24 hivi, kwa hiyo ndani ya kiyoyozi chako yatakuwa samli kwenye mhimili, na yakichacha hutoa asidi. Ya cherehani yanatosha, tone moja, na lililozidi ulipanguse.

Sasa kifungio. Kwa maelezo yako ni cha mtindo alioutia nguvu Mmarekani Michael Walker miaka ya 1980: bati la ndani hujipinda na kuingia nyuma ya ubapa likauzuia. Titani ina tabia ya kung'ang'ania chuma, na uchafu ukiingia baina yake huzidi. Mara nyingi kupangusa nyuso zote mbili kwa spiriti kunamaliza kazi. Penseli italainisha kweli, lakini risasi yake ni grafiti, na grafiti ikikutana na chuma penye unyevu wa chumvi, kinacholiwa ni chuma. Ushauri huo waachie wa Arizona, kwenye jangwa kavu. Ikiwa bado kinang'ang'ania, basi pembe ya shina haiko sawa, na hiyo ni kazi ya aliyekitengeneza; tupa ya kusugulia chuma isiguse hapo.

Usikifungue skrubu mpaka umuulize. Kampuni ya Chris Reeve huwaruhusu wenye kisu chake cha kukunja, Sebenza, kukifungua wenyewe. Wengine ukifungua tu dhamana imekwisha. Na skrubu hizo aghlabu zimetiwa gundi, bisibisi isiyokaa sawasawa itaharibu kichwa.

Kuhifadhi: kontena la plastiki la chakula lenye mfuniko wa mpira, pakiti za vidonge vya kunyonya unyevu, na kipimo kidogo cha unyevu. Shikilia 45 hadi 50%. Usikaushe kupita hapo, mipini ya mpingo na ya pembe za wanyama hupasuka. Ala weka sanduku jengine. Pakiti zikishiba, mimina vidonge kwenye trei, vitie oveni kwa nyuzi 120 saa moja au mbili, vipoe vikiwa vimefunikwa, halafu virudishe.